Ufunguo wa Nne wa Besi ya Ushirika

Jumatatu, 13 Agosti 2007

Barua imefika. Chuo cha sanaa cha huko Pwani kinatafuta msaidizi wa karakana ya ala za muziki, nami ni miongoni mwa watano walioteuliwa. Usaili ni Jumatano ya tarehe 29, ukumbi wa halmashauri, Vwawa. Kila mwombaji alete ala moja ya zamani aliyoifufua kwa mikono yake, pamoja na orodha ya vifaa na asili ya kila kimoja. Ala ya atakayeajiriwa itabaki chuoni moja kwa moja.

Ala ninayo. Gitaa la besi la mwaka 1968, mali ya iliyokuwa bendi ya ushirika wa kahawa. Mzee Danieli, aliyelipiga miaka tisa, alinikabidhi likiwa limevunjika shingo, na ameridhia liende chuoni. Shingo nimeiunga. Waya za ndani nimezichomelea upya. Lakini katika barua ya maombi niliandika: "Vifaa vyote ni vya asili." Hapo nilijitanguliza. Funguo za kukazia nyuzi ni nne. Tatu ni za asili. Wa nne haupo kabisa. Niliamini ningeupata kabla ya kuulizwa. Sasa nitaulizwa.

Shangazi Ketrina, ninayeishi kwake hapa Tunduma, ameshauri niwaambie gitaa lilizaliwa na nyuzi tatu.

Jumatano, 15 Agosti

Nimevuka mpaka kwenda Nakonde, kwa Boazi muuza spea za redio na magitaa. Nilimfafanulia vipimo vyote na kumwekea mchoro mezani. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa mwalimu, unatafuta ufunguo au unatafuta mke?"

Akatoa mmoja kutoka kwenye kopo la maziwa. "Original, mukwai," akasema, akiniita bwana kwa Kibemba.

Kichwa cha umbo la jani, sawa. Matundu ya skrubu, sawa. Nikauzungusha — ukakazia upande wa kulia. Funguo za besi hizi za zamani hukaza kinyumenyume. Hiyo ndiyo alama yake, na mtu wa karakana ataitambua kwa vidole hata akiwa amefumba macho. Nikamrudishia.

"Awe, hapana, msomi. Nani atajua?"

Nilimwambia kwamba mimi ninajua. Alicheka, akarudisha kopo lake chini ya meza.

Ijumaa, 17 Agosti

Mbeya, maduka mawili. Hakuna. Mlowo, fundi redio mmoja. Hakuna. Kesho kutwa nitamwona Mzee Danieli. Sikati tamaa.

Jumapili, 19 Agosti

Vwawa, baada ya ibada. Laiti ningemuuliza Mzee Danieli tangu mwanzo!

Anasema magitaa yalikuja mawili katika sanduku moja. La pili lilipigwa na rafiki yake Makene, ambaye bendi ilipovunjika alihamia Kamsamba na ng'ombe wake. Alifariki mwaka 1994. Nikauliza gitaa lake liko wapi. Mzee akanitazama kama mtu asiyejua msiba.

"Liligawiwa, bwana mdogo. Siku ya kumaliza matanga. Nguo za marehemu zilikuwa chache na sisi tulikuwa wengi."

Walilifungua gitaa kipande kwa kipande. Yeye alipewa kile kibao cha plastiki cha kuegemeza kidole. Bado anacho, amekitundika juu ya kitanda. Funguo nne zilikwenda kwa watoto wanne. Watatu wamehamia mbali na mifugo. Aliyebaki Kamsamba ni binti, anaitwa Shani.

"Usimwonyeshe hela," Mzee alisisitiza. "Utaharibu kila kitu."

Jumanne, 21 Agosti

Kamsamba. Joto limenishika tangu gari liliposhuka bondeni. Shati langu jeupe na tai vimeniponza: wanawake waliokuwa wakipepeta mpunga walidhani nimekuja kuhesabu mifugo, wakanielekeza nyumba ambayo siyo.

Shani ni mama wa makamo, mpole, haharakishi neno. Alileta kitambaa kutoka ndani, akakifungua mapajani. Ufunguo. Kila mwaka, mwezi aliofariki baba yake, huupaka samli. Alinipa niuguse. Ulikaza kinyumenyume, laini, bila mkwaruzo hata mmoja. Nilisahau hotuba niliyoiandaa njiani.

"Ni mzuri eh?" akasema. "Lakini kaka, siwezi kukupa mimi peke yangu. Niligawiwa mbele ya watu. Baba mdogo aje kesho tukae."

Nimepewa malazi kwa jirani.

Jumatano, 22 Agosti

Tumekaa. Baba mdogo wake, Mzee Kashinje, alifika na fimbo yake, pamoja na majirani wawili wa kushuhudia.

"Unapokea kama nani?" aliniuliza.

Nilisimama. Nikasema ninapokea kama mtaalamu wa uhifadhi wa ala za muziki, mhitimu wa chuo kikuu.

"Huyo hatumjui," akasema. "Kitu cha marehemu kinapokelewa na ndugu. Mtaalamu ni mtoto wa nani?"

Majirani walicheka kwa adabu. Shani akasema, basi apokee kama mtoto wa baba. Mzee Kashinje akanieleza masharti yake polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia: aliyepokea kama mtoto anakaa nacho maisha yake yote. Akishindwa anakirudisha hapa. Hampi mtu wa nje.

"Umekubali?"

Nilikumbuka chuo. Nilikumbuka vizuri sana. Ufunguo ulikuwa umelala kwenye kiganja cha Shani.

Nikasema nimekubali.

Jumamosi, 25 Agosti

Umeingia. Skrubu zote nne zimekaa palepale pa zamani bila kutoboa tundu jipya. Nimelipeleka gitaa kwa Mzee Danieli. Alipiga uzi mmoja mnene, akaunyamazisha kwa kiganja, akapiga tena.

"Huyo ni Makene," alisema. Halafu akaomba maji ya kunywa.

Sasa barua yangu ni ya kweli. Vifaa vyote ni vya asili.

Jumatatu, 27 Agosti

Nimeandika orodha mara tatu. Kifaa cha kumi na moja: "Ufunguo wa nne. Asili: gitaa pacha, familia ya marehemu Makene, Kamsamba." Pembeni kuna safu ya "Mmiliki baada ya ajira". Kila mahali nimeandika "Chuo". Hapo nimeandika "Mwombaji, kwa niaba ya familia." Sentensi ni sahihi. Nina hakika wataielewa.

Jumatano, 29 Agosti

Vwawa. Ninaandika kwenye benchi la nje ya ukumbi. Mzee Danieli amenisindikiza, amevaa koti.

Wenzangu watatu wameshaingia na kutoka. Mmoja alileta marimba, mwingine tarumbeta yenye bomba la pikipiki.

Ofisa wa chuo, dada mmoja mkarimu, amepita akilikagua gitaa. Alizungusha ufunguo wa nne kwa kidole, akatabasamu. Aliujua! Akaniambia waziwazi kwamba hawajaona ala kamili kama hii katika safari yao yote. Kisha akasoma orodha, akanirudishia.

"Hapa namba kumi na moja, rekebisha. Andika 'Chuo' kama kwingine. Ala yenye kitu cha mtu hatuwezi kuipokea."

Nilimweleza habari ya Kamsamba. Alisikiliza.

"Ninakuelewa, ndugu yangu. Lakini nani atakuja kuudai huko Pwani?"

Ameniachia kalamu yake.

Nimemuuliza Mzee Danieli nifanye nini. Amesema hakuwepo Kamsamba. Aliyeulizwa ni mimi.

Bisibisi ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Nimelegeza uzi. Skrubu ya kwanza ya ufunguo wa nne imetoka, ya pili, ya tatu. Nimezifunga kwenye leso. Ya nne ni ngumu, niliikaza mno Jumamosi.

Mlango umefunguliwa. Wanaita jina langu. Mzee amelishika gitaa shingoni ili lisitikisike, nami bado nazungusha.