Waridi la Emmet

Shambani, Nebraska
Jumatatu, siku moja baada ya mahafali

Kwako dada yangu Ardith,

Natumaini mvua za huko Oregon zimeuachia mgongo wako amani, na kwamba shemeji ameacha ubishi akaenda kupima macho. Huku sisi tu wazima wa mwili, mke wangu Joleen anakusalimu sana, na mahindi yameota vizuri. Ya moyo ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Tangu jana sijui nimekaa au nimesimama, na kwenye simu ningeshindwa kukueleza.

Unajua kwamba tangu ajali ile ya vuli Tobin hakuwa tena mwanangu niliyemzoea. Rafiki yake Emmet alikufa pikapu yetu ilipopinduka mtaroni kwenye barabara ya changarawe. Wote wawili walirushwa nje, Tobin akapona na mkono uliovunjika, na akakiri kwamba ndiye aliyekuwa akiendesha. Polisi walilichukua neno lake, hakimu akamnyang'anya leseni, na mji ukamnyang'anya vilivyobaki. Nami sikumpa bega, dada. Kanisani nilipita nimeinamisha kichwa, na mezani sikumsemesha zaidi ya kumwambia anisogezee chumvi.

Basi ikaja dansi ya mwisho wa shule. Mwaka huu ukumbi wa michezo ulipambwa uwe kama mwezini. Wazo lilikuwa la Emmet mwenyewe, alilitoa kwa mzaha kabla hajafa, na wenzake wakaapa kwamba halibadilishwi. Tobin alishinda bandani kwangu majira yote ya baridi akiunda mwezi wa mbao na karatasi, mkubwa kuliko trekta, na mashimo yake yote. Nilidhani ukiisha atawakabidhi wenzake, yeye abaki nyumbani. Alipotoka chumbani amevaa suti nilimwambia asitutie aibu, kwamba Lenore, mama yake Emmet, atakuwepo na hana haja ya kuuona uso wake. Akanijibu taratibu kwamba atakwenda, na kama naona haya, nisije.

Nilikwenda. Si unalijua gwaride letu? Mji mzima tumepangana kwenye viti vya ngazi, mkuu wa shule anataja kijana na mwenzake na wazazi wao, nao wanapita wameshikana mikono chini ya mapambo ndipo dansi ianze. Hakuna apitaye peke yake, asiye na mwenza huazimwa hata binamu. Likatajwa jina la Tobin, likakomea hapo. Akasimama chini ya mwezi wake, hana wa kumshika mkono. Nyuma yangu mama mmoja akamnong'oneza jirani yake, "Mkavu wa macho huyu! Angekuwa wangu ningemfungia ndani." Nilimsikia vizuri na sikugeuka. Mara nikamwona Lenore anashuka ngazi, bado na viatu vyake vya kazini, anakwenda moja kwa moja kwa Tobin. Nikajua anakwenda kumzaba kofi. Akampa mkono, wakapita pamoja ukumbi mzima, na hakuna aliyepiga makofi wala kukohoa. Joleen alinibana kidole mpaka kikafa ganzi. Nikajiambia ni huruma tu ya mama aliyefiwa.

Jana yakawa mahafali. Kiti cha Emmet kiliachwa wazi, joho limetandazwa juu yake pamoja na waridi jekundu, maana kila mhitimu hushuka akampelekea mama yake waridi. Tobin akampa Joleen lake, akarudi, akalichukua la Emmet, akampelekea Lenore. Lenore akalipokea, akainuka, akaomba kipaza sauti. Mkuu wa shule hakuthubutu kumnyima.

Akaeleza kwamba siku chache kabla ya dansi alikuwa amekwenda kwenye uwanja wa magari mabovu kulitafuta koti la mwanawe ndani ya pikapu, akakuta kiti cha dereva kimevutwa mbele mpaka karibu na usukani. Unamkumbuka Emmet, kijana mfupi, wenzake wakimtania kwamba anaendesha ameulalia usukani. Tobin ana miguu ya korongo, pale asingeingia hata kwa kusukumwa. "Aliyekuwa anaendesha ni mwanangu," Lenore akasema. "Huyu kanibebea aibu yangu muda wote huu, na nyinyi mnamtazama kama muuaji. Hata mimi nilimtazama hivyo. Sasa basi." Akaketi na waridi lake mapajani.

Dada, aliyeivuta pikapu ile kwa trekta kutoka mtaroni ni mimi. Nilichungulia ndani. Kiti kile nilikiona kwa macho yangu haya, na sikukitazama.

Nyumbani, keki haijakatwa na wageni wameanza kuingia, nikamfuata Tobin bandani. Nikamuuliza kwa nini alidanganya, kwa nini hata mimi baba yake alinificha. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Alisema alipozinduka hospitalini alitaka kuuliza Emmet yuko wapi, lakini nilikuwa nimeshafika, na neno langu la kwanza lilikuwa kwa nini ameendesha kwa kasi vile. Upande wa pili wa pazia Lenore alikuwa analia. Tobin akaona jibu limeshatolewa, na mama wa watu hana haja ya kuongezewa msiba. "Hukuniuliza nani, Baba," akaniambia. "Uliniuliza kwa nini."

Nikavuta ndoo nikaketi karibu naye, nikamsikiliza mpaka wageni wakatuita.

Ameomba aje kwako majira haya ya joto, na mimi sina uso wa kumkatalia. Atakuja kwa basi wiki ijayo. Mpokee, mpikie zile pai zako, na nakuomba jambo moja tu. Muulize habari za safari, kisha nyamaza mpaka amalize kusema. Mimi nimeanza jana, na ni kazi ngumu.

Msalimie shemeji, na Mungu awalinde nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Royce