Mpaka wa Shamba la Guka

Jumapili, mwezi wa nne. Jana kulinyesha vibaya, leo jua limetoka kama halijui kitu.

Wacha niandike hii kabla wengine hawajaanza kujisifu: kama si mimi, Nakuru haingekuwa na historia. Maprofesa wana vitabu, mimi nina miguu. Makaburi ya mjini nayajua kuliko chifu anavyojua watu wake, na watu wangu hawahami. Mgeni akiuliza nani alianzisha huu mji, awe ametoka Naivasha ama ng'ambo, anaelekezwa kwangu.

Mimi huanza na wanajeshi wa vita vya wazungu, mawe meupe kwa laini kama bado wanangoja kuhesabiwa. Nawaambia wageni kwamba ukipita hapo alfajiri unasikia buti. Halafu Magoa, wale Wahindi wa Goa waliofanya kazi kwa ofisi za reli. Halafu yule mzungu wa ngano, ambaye mimi husema alizikwa na tandiko la farasi wake. Hakuna mtu amewahi kuchimba aone kama nadanganya.

Leo nimenyamazishwa.

Tata Wanjiru alishuka kutoka Molo jana. Ni dada ya marehemu baba yangu, na kwa watoto wote wa Guka, babu yangu, ni yeye tu amebaki. Kwa vile mimi nilipewa jina la Guka, baba yake, yeye huniita baba. Mama wa miaka hiyo yote akikuita baba mbele ya watu, unasimama wima hata kama mgongo unauma.

Alikuja na jambo moja. Amenunua kipande chake cha shamba huko Molo, title imetoka, na ameshawaonyesha watoto mahali watamzika. Lakini amekataa kulala hapo kabla baba yake hajafika. Guka alilima pareto ya mzungu maisha yake yote, akafa bila hata kona ya kuzikwa, ikabidi aletwe makaburi ya mji. Tata alitaka kitu kilichomea kwa hilo kaburi akapande kwake. Akikosa safari hii, alisema, hana miguu ya safari nyingine.

"Kaburi unalijua?"

"Tata, hilo ni swali la kuuliza mtu kama mimi?"

Nikampeleka moja kwa moja. Kaburi kubwa, simiti, msalaba, chini ya mti. Hapo ndipo nimekuwa nikileta jamaa wote. Jina lilifutika zamani, lakini kwa ule ukubwa nilijua lazima liwe letu. Nikavua kofia. Nikaanza kusimulia vile Guka alimpiga simba na ndoo ya maziwa.

Tata alingoja nimalize simba.

"Baba," akasema, "huyu ni wa wenyewe. Sisi simiti tungetoa wapi?"

Akageuka, akashuka na bakora yake upande wa chini, kule hakuna mawe, ni nyasi tu na matuta yaliyolala. Huko mimi sipelekangi wageni. Nilimwambia hakuna kitu. Akaendelea kushuka, anatafuta matoka.

Itoka ni ua la majani mapana, mzizi wake kama kitunguu kikubwa. Sisi Wakikuyu hulipanda kwa mpaka wa shamba, kwa sababu ukilikata linarudi na ukilichoma linarudi. Kabla ya title kuja, itoka ndilo lilikuwa title. Si ua la kaburi. Lakini siku Guka alizikwa, Tata akiwa msichana mdogo, mama yake alipanda matoka kwa kona zote nne za kaburi, na kichwani akaweka nusu ya jiwe lake la kusagia. Akasema hili ndilo shamba hawatamfukuza.

Tulitafuta mpaka jua likasimama kichwani. Nyasi zilikuwa zimefyekwa, na makaburi mapya yamebanana juu ya yale ya zamani. Tata akachoka, akaketi chini. "Labda wameshamzikia mtu juu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya yule msichana mdogo.

Nikaona aibu. Nikainama, nikaanza kupapasa nyasi na mikono.

Mvua ya jana ilikuwa imeyavuta matoka juu. Majani mabichi, urefu wa kidole. Moja, halafu lingine upande wa pili. Nikamwita Tata mbio mbio. Akachokora upande wa kichwa wa hilo kaburi na bakora, hakuna jiwe. Akatikisa kichwa.

"Huyu ni jirani."

Ndipo nikainua macho, nikaona. Matoka yalikuwa kila mahali. Hapa kona mbili, pale nne, kule moja imebaki inachungulia chini ya tuta jipya. Watu waliolima ngano na pareto, waliokamua ng'ombe wasio wao, kutoka Njoro mpaka Molo, kila mmoja na kashamba kake, mpaka kwa mpaka. Miaka hii yote nimesimama huko juu nikiwaonyesha wageni eti hawa ndio wenye nchi. Wenye nchi walikuwa hapa chini, na mipaka yao bado inamea.



Mbele kidogo, bakora ya Tata ikagonga kitu. Jiwe jeusi, limelainika katikati kama kiganja. Akalifuta na leso, akaliwekea mkono.

"Baba," akaniambia, "chimba."

Nikachimba polepole, kona moja tu, tatu tukaziachia shamba. Tata alifunga ule mzizi kwa leso na kuubeba kifuani. "Twende nyumbani," akasema, na hakuwa anaongea na mimi.

Mzizi ulikuwa na mtoto ubavuni. Akaumega, akanipa. "Hii upande kwa zile ekari zako za Njoro huwa unaniambia."

Nikamjibu nitaupanda leo leo.

Nimeupanda. Uko kwa mkebe wa rangi, nje ya mlango wa chumba ninachokodi hapa Rhonda, kando ya jiko la jirani. Njoro sina hata pahali pa kufunga mbuzi. Landlord akiuliza, nitasema ni kitunguu.