Vipira vinene

Ndugu yangu, nisaidie.

Ile laptop ya marehemu mke wangu, ile inayochemka na kujizima, leo nimeifungua. Vile vipira laini vinavyopeleka joto kwenye chuma cha kupozea vilikuwa vimekauka, vinamomonyoka.

Nikaenda dukani kwa fundi kununua vingine, akauliza, "Mzee, unataka unene gani?" Nikamwambia nipe vinene, nani analalia godoro jembamba? Akacheka, akanipa.

Nikavibandika, nikawasha. Nikakuta sauti aliyojirekodi akiumwa. Sikuwahi kujua ipo!

"Baba Watoto, nikiondoka usi..." Ikazima.

Nimewasha tena. "Baba Watoto, nikiondoka usi..." Ikazima. Palepale! Usi nini?

Nimempigia fundi. Eti vinene vimekinyanyua chuma, hakigusi tena chipu kubwa kuipoza. Anasema sasa!

Wakubwa wa ofisini kwa mke wangu ndio waliomtupia mashine mbovu hii, wakamkamua mpaka akalala kitandani. Leo hata neno lake la mwisho wananinyima.

Fundi ameapa nikiwasha tena kabla ya kuweka vyembamba, itaungua na kila kitu kilichomo. Naye kafunga duka mpaka Jumatatu.

Njoo uichukue ikae kwako. Njoo sasa hivi. Nikibaki nayo humu ndani, nitaiwasha.