Simu Mbili kwa Sauti ya Baba

Mdogo wangu mpendwa,

Unakumbuka jioni ile uliponunua nyimbo za kwaya ya baba kwenye duka la mtandaoni? Tulikaa nje ya nyumba yetu karibu na reli, ukaingiza nenosiri tulilotunga pamoja, na sauti yake nzito ikatoka kwenye simu yako, kisha kwenye yangu. Tulikuwa tumemzika miezi michache tu nyuma. Ukanishika bega mimi dada yako, ukasema, "Yaya, sasa baba hawezi kupotea tena."

Ukapotea wewe. Uligombana na mama kwa sababu uliuza vyombo vya kazi vya baba, vile alivyotengenezea mabehewa, ukapanda lori la Kolwezi, na namba yako ikawa haipatikani. Kila tukisikia shimo la madini limeporomoka huko, mama huacha chakula. Halafu husema hana habari na wewe. Ukaidi wako umeurithi kwake, usimsingizie mtu mwingine.

Sasa sikia yaliyonikuta. Nimepata kazi ya ualimu Kaniama, na mama, aliyezoea kumsikiliza baba kwenye simu yangu kila asubuhi, anabaki peke yake. Nikamnunulia simu. Lakini duka lile la mtandaoni linaruhusu nyimbo zifunguliwe kwenye simu mbili tu, yako na yangu. Ili mama aingie, mmoja wetu lazima atoke, na ukishaondoa simu hubadilishi tena mpaka mwaka mzima upite.

"Umutoshe, toa simu yake," mama akasema. "Mutoto mwenye alitutupa, tunamulindia nafasi juu ya nini?"

Nilikuwa na hasira, nikakubaliana naye. Nikafungua orodha ya simu zilizoruhusiwa, nikapeleka kidole kwenye yako. Chini ya jina kulikuwa na maandishi madogo: ilitumika jana, wimbo wa nne.

Kwanza nilidhani ni mwizi. Lakini wimbo wa nne ndio ule ambao baba anakohoa kabla ya kuanza, na wewe ulikuwa ukiurudisha nyuma ili usikie kikohozi tu. Mgeni angeuruka. Nikamsomea mama. Alikaa chini, akafunika uso kwa kitenge, kisha akanikamata mkono hadi nikaumia.

"Njo yeye! Ni yeye! Tosha kidole! Usimufute mutoto wangu!"

Basi nimeondoa simu yangu. Nitakwenda Kaniama bila sauti ya baba, na inaniuma, sikufichi. Nenosiri bado ninalo, kwa hiyo orodha naiona. Mama haulizi tena kama umepiga simu. Anauliza kama umesikiliza, nami namsomea siku.

Simu mpya ya mama ilitaka jina kwenye orodha. Nilitaka kuandika "Mama", akakataa, akanitajia alilolitaka yeye, nikaliandika kama alivyolisema. Ukifungua orodha utalikuta chini ya jina la simu yako: "Vyombo haiko kitu. Rudia nyumbani."

Ubaki salama huko uliko,

Dada yako, Yaya.