Matone ya Lusia na Laiboni wa Kukodiwa

Daa, Karatu
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Eva,

Tumsifu Yesu Kristo. Kwanza naomba unisamehe kwa kimya changu kirefu. Tangu Pasaka sijakuandikia, na hali wewe uliniletea barua njema yenye salamu za wajukuu. Sikukusahau. Nilianza kukuandikia mara mbili, nikasoma nilichoandika, nikaona ni hasira tupu isiyofaa kusomewa mgonjwa, nikachana. Leo nimetoka misa ya kwanza, moyo umetulia kidogo, nami najaribu tena.

Magoti yako yanaendeleaje? Ile fimbo unaitumia, au bado unaona haya mbele ya majirani zako wa Songea? Tumia fimbo, Eva. Kuanguka ndiko kwenye aibu. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Antonia amepona jicho, sasa ananiona vizuri kuliko ninavyopenda. Mahindi tumekwisha kuvuna, si mengi. Baridi ya mwaka huu imekuwa kali, na ukungu wa msitu wa Ngorongoro ulikuwa ukishuka hadi mashambani na kukaa mpaka saa nne.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ningeweza kupiga simu, lakini jambo la mama yetu halisemwi huku mtandao ukikatika. Najua binti yako, Lusia mdogo, ndiye anayekusomea, na yeye hakumfahamu bibi yake. Kwa hiyo nitaeleza tangu mwanzo, nawe univumilie.

Mama yetu, Lusia mkubwa, alikuwa mpishi katika shamba la kahawa la mzungu mmoja kule Oldeani. Mzungu huyo hakunywa kinywaji chake cha jioni bila kukitia ladha kwa matone machungu kutoka ng'ambo. Meli ilipochelewa matone yakaisha, naye akawa mtu wa kugombana na kila mtu, hata na mbwa. Wakati huo kulikuwa na mama wa Kimaasai, Nalangu, aliyekuwa akileta maziwa jikoni na kubadilishana na mahindi. Nalangu ndiye aliyemwonyesha mama gome ambalo Wamaasai huliita osokonoi, chungu na lenye ukali wa pilipili. Mama akaliloweka katika pombe kali ya miwa pamoja na maganda ya machungwa. Mzungu akaonja, akaomba tena. Hiyo ndiyo asili yote. Hapakuwa na muujiza. Walikuwa wanawake wawili mlangoni pa jiko.

Baadaye kaka yetu Piusi, Mungu amrehemu, alipata leseni, akaanza kutengeneza ramu, ile pombe kali, kwa miwa ya Magugu, na Matone ya Lusia yakaingia katika loji zote za barabara ya Ngorongoro. Lakini gome halikununuliwa hata siku moja. Watu wa Nalangu walilileta kutoka Arash, kijiji chao cha upande wa Loliondo, na chupa ya kwanza ya kila mwaka ilikwenda kwao kabla mtu yeyote hajauziwa. Ilipelekwa kwa mkono na mtu wa nyumba yetu, naye alikunywa funda la kwanza mlangoni mbele ya wenyeji. Wewe mwenyewe uliwahi kuipeleka ukiwa msichana, ukarudi ukiimba njia nzima, baba akakasirika.

Mwaka huu Hilary, mtoto wa Piusi na mwendeshaji wa kiwanda sasa, alimkabidhi chupa hiyo dereva wa watalii aliyekuwa akielekea Loliondo. Alisema gari linapita hukohuko, ya nini kupoteza siku mbili. Tena aliituma ikiwa na karatasi mpya ya jina: Matone ya Laiboni, yaani ya mganga na mwaguzi wa Kimaasai, pamoja na picha ya mzee mwenye ndevu aliyeinua fimbo juu ya kreta. Jina la mama halimo. La Nalangu halikuwahi kuandikwa, lakini angalau tulikuwa tukilisema.

Mwezi uliopita Supeet, mtoto wa Nalangu, alishuka kutoka Arash na chupa hiyo mkononi, haijafunguliwa. Nilimpeleka kiwandani ili Hilary amwombe radhi. Tukakuta watalii wameketi kwenye viti vipya, na Doreen, mke wa Hilary, akiwasimulia kwa Kiingereza jinsi laiboni alivyooteshwa siri ya matone haya usiku wa mbalamwezi. Laiboni mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, akiwa na shuka nyekundu na shanga shingoni. Eva, alikuwa ni Sadiki, yule muuza spea za pikipiki pale mjini.

Supeet akamsalimu kwa Kimaasai. Sadiki akajibu, "Ashe." Akamwuliza yeye ni wa rika lipi. "Ashe." Akamwuliza swali la tatu, refu kidogo. Sadiki akainamisha kichwa kwa heshima na kusema, "Ashe naleng." Watalii wakapiga makofi. Supeet akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili, polepole, "Mwalimu, nimemwuliza ng'ombe wake wangapi wamekufa kwa ukame, naye amenishukuru sana."

Nilitaka ardhi inimeze. Sadiki alinifuata nje, amebeba shanga zake mkononi. "Shikamoo, Mwalimu. Usinifikirie vibaya. Mimi ni Mwislamu, hiyo pombe hata kuionja sijaionja. Naigiza tu, na shuka ni ya kazini." Sikuwa na ugomvi naye. Hadithi hakuitunga yeye.

Hilary ndiye aliyenichosha. Aliniambia, "Baba mdogo, mtalii hatoki Ulaya kuja kusikia habari za wanawake wawili jikoni. Anataka laiboni." Nikamwuliza, "Na hao wanawake wamekukosea nini?" Doreen akaingilia kati, akasema kwamba kampuni moja ya Arusha iko tayari kuyasambaza matone haya nchi nzima, ila imesisitiza kwamba hadithi iwe na mvuto. Nilifundisha miaka mingi, Eva. Mtoto aliyeshindwa kukumbuka nilimvumilia. Aliyekumbuka kisha akabuni, huyo sikumvumilia.

Supeet aliiweka chupa mezani. Hakupaza sauti. Alisema, "Magome yapo, na yataendelea kuwapo. Lakini simletei gome mtu aliyemfuta mama yangu. Yeye ndiye aliyeanza kumfuta bibi yake mwenyewe, mimi nimefuata tu." Kisha akaomba maji ya kunywa, akaondoka.

Hilary anasema atatafuta gome lingine, au ataagiza ladha ya kiwandani. Nilionja alichokijaribu. Kina uchungu wa klorokwini.

Unakumbuka mama alivyotuagiza mbele ya padre: jina lake lisibadilishwe mpaka wawili kati ya watoto wake watatu wakubali. Hilary anakaa katika nafasi ya baba yake, naye amekubali. Mimi nimekataa. Umebaki wewe. Ukoo utakutana hapa nyumbani mwisho wa Oktoba, nami naomba neno lako lifike kabla, kwa mkono wako au wa Lusia.

Sikuandikii ili nikuamrishe, ingawa najua utacheka ukisoma hapa. Haki inanitaka niseme na upande wa pili. Kampuni ikijitoa, wanawake wanaoosha chupa pale kiwandani huenda wakarudishwa makwao, na baadhi yao ni wajane. Hilary si mwizi. Anafanya kazi tangu alfajiri, na karo za watoto wa ukoo huu analipa yeye, bila kunung'unika. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba siwezi hata kumchukia ipasavyo. Nilimwomba jambo moja: aipeleke chupa Arash yeye mwenyewe, kwa miguu yake, ikiwa na jina la zamani, akanywe funda mlangoni. Alisema atafikiri. Hajaniambia amefikiri nini.

Antonia anakusalimu, na amekuwekea mbegu za ngwara, yale maharage ya huku, ulizoziomba. Nisalimie mkweo Gaudensi na watoto wote, na Lusia mdogo, ambaye nadhani ameisoma barua hii kwa sauti inayotetemeka. Mwambie bibi yake naye alikuwa hivyo. Mungu akujalie usingizi usio na maumivu, na awaweke wote walio chini ya dari yako.

Uamuzi ukishatolewa nitakuandikia, hata kama ni wa kunishinda. Lakini jina likiondolewa, usiitazamie barua upesi. Nitakuwa nimepanda kwenda Arash kwanza, maana habari ya namna hiyo siwezi kumtuma dereva aipeleke.

Kaka yako akupendaye, hata anaponuna,

Patrisi