Nimefunga Vyuma Viwili, Pikipiki Bado Inatikisa Kichwa

Dada Wilkister mpendwa,

Kabla hujacheka naomba unisaidie, maana hapa nyumbani wameshacheka wa kutosha. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, mkaaji wa Kitengela, tumbo langu huingia mlangoni kabla yangu na nywele zilizobaki zinaweza kupewa majina moja moja, na niko na pikipiki ambayo ikifika kilomita sitini na tano kwa saa inaanza kutikisa kichwa kama ng'ombe aliyeingiwa na nzi sikioni, usukani unaruka huku na huku mkononi mwangu, na mimi naongea na Mungu kwa Kimaasai na Kiswahili na kile Kiingereza kidogo cha shule, mpaka nipunguze mwendo ndipo inatulia kama haijafanya kitu.

Kila Jumamosi mimi na Mama Nashipae, mke wangu, huwa tunatoka Kitengela kwenda kuona mifugo yetu Sajiloni, karibu na Kajiado mjini, mimi mbele, yeye nyuma yangu, nyuma yake kwenye keria gunia la chumvi ya mifugo, na juu yetu wote mwavuli, ule mrefu wa watu wa boda, ambao nilifunga kwa sababu ya kipara changu na jua la Isinya. Siku ya kwanza kutikisika tulikuwa tumepita Kisaju, lori la Namanga likatupita, na Mama Nashipae akanishika kiuno vile hajanishika tangu tuoane, nikafurahi kidogo kabla sijaelewa.

Nikaenda kwa fundi wangu, Lesiamon. Akazunguka pikipiki, akapiga tairi teke, akasema, "Pakine," ndivyo tunavyoitana, "hii fremu ni laini. Inajipinda kama ulimi. Inataka stabilaiza." Akanifungia chuma kinachopita chini ya injini na kushikanisha pande mbili za fremu, kizuri, kinang'aa, watu wa stage wakaja kukitazama. Jumamosi ikafika, ikatikisika. Nikarudi, akanifungia kingine juu, kama shoki ndogo, upande mmoja umeshika usukani na mwingine fremu, ili usukani usigeuke kwa pupa. Sasa haitikisiki kwa sitini na tano. Inatikisika kwa sabini. Lesiamon ameniambia hayo ni maendeleo.

Mama Nashipae hakuona maendeleo. Alishuka hapo Isinya na helmeti yake kichwani akasema mbele ya wauza nyanya, "Baba Nashipae, mimi nilikubali kuolewa, sikukubali kutikiswa." Tangu siku hiyo anapanda kwa Njuguna wa stage yetu, mzee wa miaka sitini ambaye hata punda humpita, lakini wananitangulia kufika kwa sababu mimi nasimama kila mara kuomba. Nikifika, Njuguna ananiambia, "Mzee, nimekuletea mama akiwa mzima." Na majirani wa Sajiloni wananiuliza kama siku hizi mama ameandika dereva.

Najua utaniambia nitafute fundi mwingine. Dada, siwezi. Ule ukame mkubwa uliponiachia zizi tupu, Lesiamon alinipa mbuzi jike aliyekuwa na mimba, bila kuombwa, na kwa desturi yetu Wamaasai mtu akikupa mbuzi jina lake linabadilika, mimi simwiti Lesiamon, namwita Pakine, na yeye ananiita Pakine, na tutaitana hivyo mpaka mmoja azikwe. Mbuzi wote nilio nao leo wametoka kwa yule mmoja. Nitampelekeaje mwingine pikipiki mchana kweupe akiniona? Ni kama kumrudishia mbuzi wake kwa kamba. Wiki iliyopita amesema sasa anataka kunichomelea chuma cha tatu, kule nyuma. Nikaitikia kwa kichwa.

Swali langu: nifunge hicho cha tatu? Na nimrudishe vipi Mama Nashipae kwenye kiti chake bila kumwaibisha Pakine?

Baba Nashipae,
Kitengela

WILKISTER ANAJIBU

Baba Nashipae,

Nimesoma barua yako mara mbili. Ya kwanza nikacheka. Ya pili nikatafuta kiatu cha kukurushia, bahati yako Kitengela ni mbali.

Mimi si mtaalamu. Pikipiki ya mwisho kunibeba iliniangusha Nkoroi ikiwa imesimama. Kwa hivyo nilimpigia Lucy, mama anayetengeneza pikipiki kule Matasia, nikamsomea barua yako yote. Hakucheka hata kwa kipara.

"Mwavuli bado uko juu?" akaniuliza.

"Uko."

"Na gunia liko nyuma ya mama, si katikati?"

"Nyuma kabisa, kwenye keria."

"Shingo ya usukani imefunguliwa lini mara ya mwisho?"

Nikamwambia barua haisemi. Nikasikia spana ikianguka upande wake. "Dada, huyo fundi amefunga vyuma viwili na hajashika gurudumu la mbele hata mara moja. Na huyo mzee aliyekuandikia anajua ni hatari."

Sasa sikiliza. Ule mwavuli, upepo wa uwanda wa Kisaju ukiukuta unauvuta kama tanga, na wewe umening'inia chini yake na mke. Na kofia ngumu iko kichwani, ndugu yangu. Mwavuli unakinga nini? Gunia nalo limekalia mkia, kwa hivyo gurudumu la mbele limekuwa jepesi, linagusa lami kama mtu anayekanyaga maji ya moto. Ongeza beringi za shingo ya usukani ambazo huenda zimekwisha, na hapo hata lori likikupita kwa adabu utatikisika.

Stabilaiza si kitu kibaya. Lucy mwenyewe huzifunga. Lakini ni kama mshipi: hukaza suruali, haushoni iliyopasuka. Pikipiki iliyo sawa huzidi kutulia ikifungwa. Yako ni mgonjwa aliyevalishwa suti. Na ile shoki ndogo ya juu ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu mtikisiko ulikuwa unakupigia kelele mapema, na sasa umeambiwa unyamaze mpaka sabini. Hayo si maendeleo. Huko ni kuahirisha matanga.

Lakini si vyuma vilivyonikasirisha. Wewe ulijua. Jumamosi baada ya Jumamosi ulimpandisha mama wa watu juu ya kitu unachojua kinatikisika, ili fundi asinune. Mimi ni mtu wa Kakamega, kwetu tunapeana kuku na tunasahau, kwa hivyo desturi yenu naiinamia. Hata hivyo, heshima ya mbuzi hailipwi kwa shingo ya Mama Nashipae. Huyo mtu alikupa mbuzi ili uishi. Sasa wewe uko tayari kufa barabarani ili yeye asione haya. Unafikiri akikuzika atajivunia vyuma vyake?

Hutaenda kwa fundi mwingine. Sikubaliani na hofu yako, ila hapa hofu na akili zimekutana njia moja. Ng'oa mwavuli leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti. Kisha sukuma pikipiki mpaka kwa Lesiamon. Isukume, usiiendeshe, tumbo litakushukuru. Nenda asubuhi kabla ya wateja, ubebe chai. Inueni pikipiki mbele, wekeni kreti chini ya injini, gurudumu la mbele likae hewani. Umwambie, "Pakine, shika foku hapa chini, penye gurudumu la mbele, vuta kwako, sukuma." Hayo tu. Usiseme Wilkister kasema, usimtaje Lucy. Kama shingo imelegea, itagonga mkononi mwake mwenyewe, na fundi akisikia mgongano huo kwa mkono wake hahitaji kuambiwa na mtu. Ageuze pia usukani polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ukinasa katikati, beringi zimeshachimbika. Atabadilisha yeye. Na akiwa hapo atazame spoksi, upepo wa tairi na bushi za nyuma, zile pete za mpira ambazo gunia lako limezipiga mwaka mzima.

Kama haigongi na hainasi, basi utafungua mdomo. Umwambie, "Pakine, naogopa." Hakuna fundi anayeaibika kwa neno hilo.

Chuma cha tatu, hapana. Kuchomelea nyuma ya fremu kunaweza kuidhoofisha hapo hapo penye joto, na utakuwa umeongeza uzito kwenye ule ule mkia. Cha kwanza kibaki. Ile shoki ndogo ifunguliwe kwanza, ujaribu pikipiki peke yako, bila mzigo, barabara ikiwa wazi, mwendo ukipanda kidogo kidogo. Ikitulia bila hiyo, unaweza kuirudisha. Ikitikisika hata kidogo, punguza mafuta taratibu, usikanyage breki kwa hofu, na urudi kwa Lesiamon siku hiyo hiyo. Chumvi ya mifugo iende kwa pikapu za soko; ng'ombe hawaulizi imefikaje.

Amebaki mke wako. Usimwite, usimbembeleze, na usimwambie imetengenezwa, hilo ameshalisikia mara mbili. Nenda stage Jumamosi, na mbele ya Njuguna na wote waliocheka useme kwa sauti kwamba yeye alikuwa sawa na wewe ulikosea. Kisha nyamaza, achague kiti mwenyewe. Akichagua cha Njuguna, washa yako uwafuate nyuma kwa mwendo ule ule wa punda mpaka Sajiloni, na ushukuru kwamba bado mnaenda mahali pamoja.

Wilkister