Masizi Kwenye Chemchemi

Mwakeye, dada Yustina!

Kasulu kuna ukungu na baridi ileile ya utotoni, na nimekula maharage ya shangazi mpaka gauni linanibana. Jana wasichana wa sekondari walimletea mchezo wa simu waliotengeneza wenyewe, wa kutunza vyanzo vya maji. Unapanda miti, unafukuza ng'ombe, halafu unachota. Shangazi alicheza vizuri, lakini kwenye kuchota akagoma, maana sufuria waliyochora ilikuwa nyeusi tii.

"Masizi hayaingii kwenye chemchemi!" akafoka. "Maji yatakimbia. Nani kawalea nyie?"

Walicheka, kisha wakaona hatanii.

Nikakukumbuka ulivyorudishwa nyumbani kutoka chemchemini ukiwa na sufuria yako yenye masizi, unalia njia nzima, mimi nyuma nimebeba kata ya kuchotea. Maji ya chemchemi ile sasa yanatoka kama uzi.

Leo wamerudi, wamerekebisha. Usiposugua sufuria, kabinti kanakochota kanarudishwa nyumbani kakilia. Shangazi amekapa jina lako.

Njoo na wanao, dada, waione chemchemi kabla haijabaki kwenye simu tu.

Mdogo wako, bado nimeshika kata,
Leokadia